Raketi Zilizooshwa Mara Saba

Kilichonirudisha nyuma ni harufu ya samli. Tulikuwa msibani Gongoni, Tabora, siku ya pili baada ya kumzika Mwanaheri, rafiki yangu wa tangu utotoni, na wapishi, kwa nia njema kabisa, walikuwa wameipikia pilau samli iliyokaa sana. Sinia liliwekwa mbele yetu wanawake watano. Wenzangu wakanawa, wakapiga bismillahi, wakaanza kumega. Mimi nikageuzia uso ukutani. Wanaonijua husema Bi Zena ni mtu wa kinyaa, nami sikatai. Sinywi maji kwenye kikombe chenye shombo ya yai, sikai karibu na mtu anayechokonoa meno, na samli iliyochacha haijapita mdomoni mwangu tangu nilipokuwa msichana wa darasa la nne. Watu hudhani ni maringo ya ualimu. Maringo hayahusiki. Kuna mwaka mmoja, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, ambao kwangu mimi unanuka samli.

Pale ukutani palikuwa na picha. Wasichana wanane wamesimama ndani ya ua wa shule, magauni meupe, kila mmoja ameshika raketi ya badminton mbele ya kifua chake. Nimo humo, wa tatu kutoka kushoto, nimenuna. Mwanaheri yuko pembeni kabisa, upande wa kulia. Aliitundika sebuleni miaka yote ya ndoa yake, na siku moja nilipomuuliza kwa nini hachoki kuitazama balaa ile, alinijibu, "Naitundika nisije nikasahau mchafu alikuwa nani." Nilikuwa bado naitazama alipopiga hodi mlangoni kwa wanawake Bwana Nassoro, mtoto wa marehemu Mwalimu Mkuu wetu, naye mzee sasa, kanzu imepigwa pasi ikapigika. Akatupa pole, akatuamkia sisi tuliomzidi umri, kisha macho yake yakaenda kwenye picha. "Hii ndiyo ninayoitafuta siku zote," akasema. "Shule wanaandaa sherehe. Marehemu baba ndiye aliyewaletea wasichana wa Tabora mchezo wa kisasa, watu wa leo hawajui." Rehema, mjukuu wa Mwanaheri, ambaye ni muuguzi hospitali ya Kitete, akainuka kwenda kuitoa kwenye msumari. Mimi mdomo ukanijaa mate, yale mate yanayotangulia kutapika, nikayameza kwa sababu tulikuwa msibani.

Shule yetu ilikuwa nyumba ya kale ya tajiri mmoja wa misafara, vyumba virefu vyenye giza vikiuzunguka ua, na ukuta wa udongo mrefu kuliko mtu aliyempanda mwenzake mabegani. Chumba tulichosomea, tuliambiwa, kilikuwa ghala la pembe, na siku za mvua kilitoa harufu ya kitu kilichokufa zamani kikasahauliwa kuzikwa. Mwisho wa masomo kwa msichana wa pale ulikuwa darasa la nne. Aliyetaka kuendelea ilibidi apelekwe bweni la mbali, na watu wa mjini wakati ule hawakuwa tayari kumpandisha binti treni akalale kwa watu wasiowajua. Mwaka ule ndipo zikaja habari kwamba atakuja memsahibu wa elimu kutukagua, na kwamba akiridhika nasi, pamoja na mazoezi yetu ya viungo, darasa la tano litafunguliwa palepale. Kwa wengi wetu hizo zilikuwa habari tu. Kwa Mwanaheri zilikuwa maisha yake. Alilelewa na baba yake mdogo, Mzee Hamza, mfanyabiashara wa ngozi, na Mzee Hamza alikuwa amemwambia bila kuficha: darasa la tano likifunguliwa hapa mjini, utasoma, lisipofunguliwa, mchumba yupo. Alinieleza hayo tukiwa tunateka maji, huku anacheka, lakini mkono ulioshika kamba haukuwa unacheka.

Mazoezi ya viungo tuliletewa mwalimu wake, Mwalimu Agnes, binti wa Kinyamwezi kutoka vijiji vya Kigwa, Mkatoliki, mwembamba, ametoka chuoni juzijuzi. Asubuhi aliwasalimu wauza karanga wa nje ya lango kwa "mwangaluka" yao ya nyumbani, akiingia ndani akawa na Kiswahili kilichonyooka. Alikuta wazee wameshakataza tusikimbie nje, kwa kuwa barabarani wanapita wanaume. Wala hakubishana nao. Aliupima ua kwa hatua zake, akautazama ukuta, akasema upo mchezo unaochezwa mahali padogo, hauhitaji kukimbia mbali, na hata aliyejifunga mtandio anaucheza. Ndiyo hiyo badminton. Kabla hata vifaa havijanunuliwa alitufundisha kwa vitu vya jikoni. Kila mmoja alikuja na kipepeo cha nyumbani kwao, kile cha ukindu cha kupepea mkaa, na vinyoya tulivitengeneza kwa kipande cha gunzi kilichochomekwa manyoya ya kuku. Kamba ya kuanikia ikawa wavu. Sijui kama nimewahi kucheka tena namna ile. Mwanaheri aliushika mchezo kabla yetu sote. Alikuwa na mkono mwepesi, na alijua gunzi litaangukia wapi kabla hujalipiga, ukiliokoa unamkuta ameshasimama anakungoja. Mwalimu Agnes alimwambia mbele yetu, "Wewe memsahibu akikuona tu, darasa tumelipata." Wote tuliliamini hilo.

Sasa fedha za vifaa zilipotolewa, kuchagua hakukuachwa kwa aliyejua mchezo. Kulifanyika kikao sebuleni kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Sefu, na kwa desturi ya enzi zile, desturi iliyonichefua wakati ule na inanichefua mpaka leo, kikao cha shule kilimaanisha sisi wasichana wa darasa la nne kuacha somo la hesabu na kwenda kusaidia kupika. Sebule ile naiona. Mazulia mawili, saa ya ukutani iliyosimama, mapazia ya rangi ya ini, na nzi. Palikuwapo Bwana Sefu, palikuwapo Mzee Hamza, wazee wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia, na Mhindi mwenye duka la vifaa na kitabu chake cha picha za bidhaa. Mwalimu Agnes alipewa kigoda karibu na mlango, pale viatu vilipovuliwa. Tuliingia na nyama ya mchuzi na mikate, tukatoka, tukaingia na chai, na katikati ya kuingia na kutoka tulisimama nyuma ya pazia mimi na Mwanaheri, tukasikia kila neno.

"Raketi zinazotufaa ni hizi ndogo," Mwalimu Agnes alikuwa akisema. "Mkono wa mtoto unazimudu. Nyuzi zake ni za nailoni. Na vinyoya tuchukue hivi vya plastiki. Kwa jua letu hili na vumbi hili, manyoya ya bata bukini hayatamaliza muhula."

"Plastiki!" akasema Bwana Sefu, mdomo umejaa. "Hivyo si vya kuchezea watoto, mwalimu?"

"Ni watoto, bwana."

Mmoja wa wale waitikiaji akacheka, akaona amecheka peke yake, akanyamaza. Bwana Sefu akamgeukia Mhindi. "Wazungu klabuni kwao wanachezea nini?"

"Klabuni ni raketi kubwa, nyuzi za utumbo, kinyoya cha bata," Mhindi akajibu. "Hiyo ndiyo yenyewe. Lakini mwalimu anasema kweli, hizi ndogo..."

"Basi nasi tutachukua hiyo yenyewe. Tabora siyo kituo cha treni kuteka maji, bwana. Mji huu ulikuwa mji Dar es Salaam ikiwa vichaka. Memsahibu aje akute watoto wa Tabora wameshika plastiki?" Na hapo akafanya kitu ambacho ningeweza kukichora mpaka leo. Alichukua kile kitabu cha Mhindi, akafunua ukurasa wenye raketi za watoto, akafutia vidole vyake vya mchuzi. Si kwa hasira. Alikuwa anatafuta tu pa kufutia. Doa la mafuta likaenea polepole juu ya zile raketi ndogo, na Mwalimu Agnes akalitazama, kisha akatazama viatu vilivyomzunguka. "Utumbo wa mnyama gani?" Mzee Hamza aliuliza, maana yeye kazi yake ngozi. "Wa kondoo," Mhindi akajibu, na mambo yakaishia hapo, wakarudia nyama. Mwanaheri aliniminya mkono nyuma ya pazia. "Umewaona?" akaninong'oneza. "Wanatuchagulia wao mchezo, na hakuna hata mmoja atakayeushika." Sisi ndio tuliosafisha zulia baadaye. Chini ya mto alioegemea Bwana Sefu nilikuta mifupa mitatu iliyofyonzwa, ameificha kama paka, nami nikaiokota kwa kipande cha karatasi kwa sababu mikono yangu ilikataa.

Sanduku lilikuja kwa treni ya kutoka pwani, na siwezi kusema uongo, siku lilipofunguliwa tulipiga vigelegele. Mbao zilikuwa zinang'aa, nyuzi ukizigusa kwa ukucha zinalia, na vinyoya vimepangwa ndani ya kopo refu vyeupe pee. Raketi zilikuwa nzito kwetu na mipini minene, lakini Mwanaheri aliichukua moja, akaipima mkononi, akapiga kinyoya kimoja kikapanda juu ya kamba ya kuanikia kikashuka taratibu upande wa pili. Mchezo wetu wa magunzi ulikuwa umevaa nguo ya Idi. Tulicheza siku ile moja. Kesho yake, kabla hatujaanza, Mzee Hamza alikuja shuleni anahema, akasema sokoni hakuna habari nyingine: watu wanasema nyuzi zile ni utumbo wa nguruwe, na wazazi wanakusudia kutuondoa.

Hapo palikuwa na njia iliyonyooka, na Mwalimu Agnes aliionyesha palepale. Mhindi alikuwa tayari kuzipokea raketi na kutoa zile za nailoni. "Nailoni haina damu, bwana," akamwambia Bwana Sefu. "Hakuna atakayeuliza imechinjwa na nani." Mimi nilikuwa nimesimama pale na sanduku, nikaona uso wa Bwana Sefu unavyojifunga. Hakuwa anafikiria nguruwe. Alikuwa anafikiria vile atakavyoingia dukani kwa Mhindi kuomba kile alichokwisha kukidharau mbele ya watu. "Na wewe unayekula nguruwe kwenu ndiye utakayenifundisha najisi?" akamwambia. Mwalimu Agnes akaingia darasani. Kisha Bwana Sefu akatoa hukumu yake. Madrasa sote tulikuwa tumefundishwa kwamba kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Basi raketi zitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, mji utatulia, na hakuna haja ya kurudi dukani.

Akawekewa kiti kivulini. Akatia tambuu mdomoni, sisi tukaletewa mapipa mawili ya maji na karai la udongo mwekundu. Tulizizamisha raketi, tukazisugua kwa udongo kwenye kila tundu la nyuzi, tukazisuuza, tukarudia, yeye akituhesabia kwa fimbo na kutema mate mekundu pembeni ya pipa letu. Na vinyoya navyo, alisema, visiachwe, kwani bata huyo nani alimwona akichinjwa? Vinyoya vyeupe pee viliingia kwenye tope. Mzee Hamza alikuwa amesimama anaangalia, na hapo ndipo Mwanaheri, mikono imejaa udongo mpaka viwiko, akainua kichwa.

"Baba mdogo," akasema kwa adabu yote, "kama ni utumbo wa nguruwe, hata tukiosha mara sabini utakuwa utumbo wa nguruwe. Kinachooshwa ni kilichoguswa. Na kama ni wa kondoo, tunaosha nini?"

Wasichana tukainamia maji ili tusionekane tunacheka. Mzee Hamza hakuwa mjinga, nilimwona lile neno limemwingia. Lakini mbele ya Bwana Sefu hakuwa na mahali pa kuliweka. "Ulimi huo," alisema, "ndio shule waliyokufundisha?" Bwana Sefu akatema mate, akasema, "Ya tano. Endeleeni." Msema kweli hana wajoli, wahenga walisema, nasi wenzake, wajoli wake, tuliendelea kusugua.

Nyuzi za utumbo zikilowa huvimba, zikianikwa kwenye jua la kiangazi cha Tabora hulegea au hukatika. Mbao ikilowa na kukaushwa ghafla hujipinda. Baada ya siku chache raketi zetu zilikuwa zimepinda kama upawa, nyuzi zinaning'inia, na vinyoya vimeganda udongo vikawa kama vifaranga vilivyokufa. Mzee Hamza alishauri kwa uzoefu wake: ngozi ikikauka hupakwa samli, ikarudi. Utumbo si ndugu wa ngozi? Ikaletwa samli debe zima, ya kijijini, ile ya kukaa, na tukapaka. Tulipaka nyuzi, tukapaka mipini, na kwa kuwa samli ilibaki, tukaambiwa tupake na vinyoya viwe laini. Kisha zikafungiwa stoo, pamoja na magunia ya unga wa uji wetu, zingoje memsahibu. Hakuna kuzigusa mpaka siku hiyo, alisema Bwana Sefu, vya wageni havichezewi. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu mwenyewe na nikatakiwa kuchagua vifaa vya michezo, niliagiza nailoni na plastiki bila kikao, na nilipoulizwa sababu nilisema tu kwamba sipendi kupika kwa ajili ya mikutano.

Tuliendelea na vipepeo na magunzi. Mwalimu Agnes hakukata tamaa, au kama alikata hakutuonyesha. Alisema siku ikifika, raketi zikishindikana, tutacheza hivihivi, na memsahibu atajua mchezo akiuona. Mwanaheri alifanya mazoezi mpaka kipepeo chake kikachanika, mama yake mdogo akamgombeza, na Mwanaheri akasuka kingine yeye mwenyewe. Nilikuwa namwona jioni kwenye kibaraza chao anapiga gunzi ukutani, tap, tap, na ndani sauti ya Mzee Hamza inazungumza na wageni ambao mazungumzo yao yalizimika kila Mwanaheri alipopita.

Asubuhi ya ukaguzi stoo ilifunguliwa. Nimenusa mengi maishani, nimeuguza, nimeosha maiti, lakini harufu ile ilikuja na mkono ikatushika koo. Samli ilikuwa imechacha, na panya walikuwa wameikuta. Walikula samli, na walipoimaliza wakala kilichopakwa samli. Nyuzi zimetafunwa katikati zimebaki mikia pembeni, vinyoya ni vichwa vitupu vimelala juu ya kinyesi, na ndani ya kopo lile refu lililokuja na vinyoya vyeupe alikuwamo mama panya na watoto wake wekundu wasio na manyoya. Msichana mmoja alitapika palepale kizingitini. Bwana Sefu alifunika pua kwa kanzu, akafikiri kidogo, akasema, "Leteni mkasi." Zile nyuzi zilizobaki zikakatwa zote zilingane. Fremu zikafutwa. Kwenye picha, alisema, hazitaonekana, na memsahibu si mtu wa kukaa.

Mpiga picha wa mjini alitupanga kwenye ua. Raketi kifuani, kidevu juu. Mikono yetu ilikuwa inateleza kwa samli na nzi walitua usoni, na tulikatazwa kuwafukuza. Mimi nilijitahidi nisipumue. Alipoinama mpiga picha kwenye kitambaa chake cheusi, nilimwona Mwanaheri pembeni akifanya jambo kwa utulivu kabisa: akapitisha mkono wake mzima katikati ya raketi, mahali pa nyuzi, mpaka kiwiko kikatokeza, akautulizia hapo kama mtu anayekaa dirishani. Ndivyo alivyotoka kwenye picha.

Memsahibu akaja na mkoba wake, mwanamke mrefu, wala hakuwa mkali. Alizitazama raketi. "Nyuzi ziko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno. Bwana Sefu akajibu kwamba zimepelekwa matengenezo, na kwamba hata hivyo mabinti hawa wana haya sana, mila zao ngumu, hawapendi kucheza mbele ya wageni. Nilifikiri sikusikia vizuri. Mwalimu Agnes akasogea. "Wanaweza kucheza, memsahibu. Waruhusu walete vipepeo vyao, utaona sasa hivi." Bwana Sefu akacheka, kicheko cha kumsamehe mtoto. "Anasema vyombo vya jikoni, memsahibu. Mwalimu huyu bado mgeni." Memsahibu akatazama saa. Lakini kwa wema, akaamua kutupa mkono mmoja mmoja. Alinifikia mimi, akaushika mkono wangu, na nikaona pua yake inavyojikunja kabla hajaizuia. Alipofika mwisho wa mstari alitoa leso, akafuta kiganja, akafuta katikati ya vidole, akainusa leso, akaitia mkobani kwa ncha mbili za vidole. Kinyaa nakijua. Siku ile nilikiona kwenye uso wa mtu mwingine, na kilikuwa juu yangu.

"Bwana Sefu," akasema, taratibu ili nasi tuelewe, "wasichana wafundishwe usafi kwanza. Mengine baadaye."

"Ndiyo, memsahibu," Bwana Sefu akajibu, akainamisha kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyekuwa akilisema hilo siku zote asisikilizwe.

Mwanaheri ndiye aliyesema. Mkono ulikuwa bado umo ndani ya raketi. "Tumeziosha mara saba," alisema kwa sauti. Memsahibu hakuelewa, akatabasamu. "Vizuri sana," akamwambia, akaondoka kuelekea bomani, na Bwana Sefu akamfuata akimfungulia mwavuli.

Darasa la tano halikufunguliwa. Tuliongezewa somo la usafi wa mwili na nyumba. Mwalimu Agnes alihamishwa kurudi upande wa kwao kabla ya mwaka kwisha, akaondoka na treni ya asubuhi bila mtu wa shule kumsindikiza isipokuwa sisi wawili, na kabla ya kupanda akaushika uso wa Mwanaheri kwa viganja vyake. Mimi nilipata njia nyingine ya kuendelea, kwetu walikubali hatimaye nipelekwe bweni, na si kwa sababu nilikuwa na akili kumzidi. Maembe yalipoanza kuiva, Mwanaheri alikuwa amewekwa ndani, anasingwa kwa ajili ya harusi. Nilikwenda kumwona. Alinukia liwa na asmini, miguu imepakwa hina, na kipepeo chake kilikuwa jikoni kwenye mkaa, mtu anapepea nacho moto. "Angalau wewe mikono yako sasa ni safi," nilimwambia, nikajuta neno lenyewe likiwa bado mdomoni. Alinitazama, akacheka, akalia, akacheka tena.

Sisemi maisha yake yaliharibika. Aliuza vitumbua, alisomesha mabinti wake wote, na mjukuu wake anawadunga watu sindano Kitete. Lakini mara moja moja, tukiwa tumekaa barazani kwake, nilikuwa naona mkono wake wa kulia unajitikisa kidogo peke yake, kifundo kinageuka, kama anapiga kitu kilichokuwa kinashuka. Nilikuwa nageuza macho. Na hasira niliyokuwa nayo sikujua niipeleke wapi, kwa kuwa wale wazee wenyewe walishakufa wakazikwa kwa heshima, wakasomewa hitima, wakapikiwa pilau.

Basi Rehema akaitoa picha msumarini, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, akampa Bwana Nassoro pale mlangoni. Akaiinua kwenye mwanga. Alikuwa ametoa kalamu na karatasi ili aandike majina yetu yatakayowekwa chini yake. Akaitazama picha kwa muda, akaguna.

"Nzuri sana," akasema. "Ila huyu wa mwisho huku kulia amefanya utoto. Sijui ameuingiza mkono wapi, ameharibu mstari. Huyu tutamkata, watabaki saba. Haitajulikana."

Wale wanawake wakaacha kutafuna. Rehema alinigeukia, na nikaona hajui, bibi yake hakuwahi kumweleza. Niliinuka, na magoti yangu haya huinuka kwa shida, nikaenda mpaka mlangoni nikaishika ile picha kwa upande wa kulia, kidole changu kikawa juu ya kile kiwiko kilichotokeza.

"Huyo unayetaka kumkata," nikamwambia, "ndiye tuliyemzika juzi. Uko nyumbani kwake."

Bwana Nassoro akaishusha karatasi yake. Si mtu mbaya, ana haya kuliko baba yake, na haya hiyo ilimpanda shingoni mpaka masikioni. "Nisameheni, dada zangu," akasema. "Sikumtambua. Basi haikatwi, itakaa hivihivi. Niambie wewe, Bi Zena, uliyekuwepo. Chini yake tuandike nini?"

"Andika kwamba raketi hazikuwa na nyuzi."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Kisha akaisogeza picha karibu na macho, akaanza upande wa kushoto, raketi moja moja, na kupitia kila moja akaona gauni jeupe la msichana aliyeishika. Alipofika kwa Mwanaheri akaufuata kwa kidole ule mkono uliopita katikati ya raketi, mpaka kwenye kiwiko. Kalamu ilikuwa bado iko mkononi mwake. Akairudisha mfukoni, na Rehema akaipokea picha, akairudisha kwenye msumari wake.